Bi Msumari, Mama Mkwe wa Filamu

Kabla watu hawajaanza kumwogopa, alikuwa fundi wa kushona nguo, mjane mwenye sauti ndogo ambaye akijikwaa kwenye kiti alikiomba kiti radhi. Chumba chake cha kazi kilitazamana na barabara. Kilikuwa na meza ya kukatia vitambaa, kioo kirefu chenye ufa, na cherehani ya kukanyaga iliyomzidi umri mwanawe wa pekee. Mteja akirudi kulalamika kwamba gauni linabana, fundi alijilaumu mwenyewe, hata kama mteja ndiye aliyenenepa. Lakini binadamu ni binadamu, na hasira lazima ziende mahali. Za kwake zilikwenda kwenye cherehani.

Siku moja nyumba ya ng'ambo ikakodiwa na watu wa filamu. Walikuwa wanatengeneza hadithi ya mama mkwe mkorofi anayemtesa mkamwana wake, na mambo yalikuwa yamewaharibikia mapema. Mwigizaji wa mama mkwe alikuwa amegombana na mwongozaji, akaondoka na mkoba wake na wigi lao. Mwongozaji akatoka nje akaketi kwenye ngazi, kichwa mikononi. Hapo ndipo aliposikia sauti kutoka ng'ambo.

"Nimekufuta vumbi, nimekupaka mafuta, nimekataa usiguswe na mtu. Malipo yangu ndiyo haya? Umekuja hapa kufanya kazi au kunitolea macho? Kwenu wenyewe walipokutoa walishusha pumzi. Na hiyo miguu yako myembamba usinionyeshe."

Mwongozaji alivuka barabara mbio, akaingia bila hodi.

"Mama, mwache binti wa watu jamani."

"Binti gani, baba?"

"Huyo unayemsema."

Fundi akaangalia chini kwa aibu. "Ni hii cherehani. Imenikatia uzi tena."

Mwongozaji alitazama cherehani, akamtazama fundi, kisha akavuta kigoda na kuketi bila kukaribishwa. Alibembeleza mpaka chai ikapoa. Fundi alikataa kwa adabu, na kwa kuwa hakuwa hodari wa kukataa, jioni ile alijikuta amekubali.

Siku ya kwanza ya kurekodi ilikuwa balaa tupu. Walimsimamisha mbele ya msichana aliyeigiza mkamwana, wakamwambia amshambulie.

"Wewe ni mvivu," fundi akaanza. "Samahani, mwanangu. Ni mvivu, na kwenu hawakukufunza kitu, ingawa mimi naona wamekufunza vizuri tu. Umekula lakini?"

Walirudia asubuhi nzima. Kila tusi lilitoka likiwa limeshikwa mkono na pole. Mwishowe mwongozaji akawatuma wanaume wawili wavuke barabara. Walirudi wamebeba cherehani, wakaiweka nyuma ya bega la msichana, pale ambapo kamera haioni. Fundi akaiona. Macho yakambadilika. Alichokisema hapo kilikwenda bila kituo, na kilipokwisha msichana alikuwa analia machozi ya kweli, mpiga picha amesahau kuzima kamera, na mshika taa ametoka nje kumpigia mkewe simu amwombe msamaha, ingawa hakukumbuka hasa kosa lake.

Filamu ilipotoka ilienea kama moto wa nyasi kavu. Mama mkwe yule aliitwa Bi Msumari, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita fundi kwa jina jingine. Ikaja sehemu ya pili, ya tatu, na nyingine ambazo hata yeye aliacha kuzifuatilia. Picha yake, nyusi moja ameipandisha juu kwa ukali, ilibandikwa kila ukuta wenye nafasi.

Umaarufu haukuwa mtamu kama wanavyosema. Muuza nyanya alimchagulia nyanya nzuri, lakini alimkabidhi akiwa ametazama pembeni.

"Ile dawa ya kuharisha uliyomwekea mwenzio kwenye chai," alimwambia, "Mungu anakuona."

"Ilikuwa sukari tu, dada."

"Ndivyo mnavyosemaga."

Wateja nao walianza kuja na vipimo walivyojipima wenyewe nyumbani, kwa sababu katika sehemu ya tatu alimfunga mkamwana kwa futi ya kupimia. Magauni yakatoka ya ajabu kweli, mengine mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Kisha mwanawe, fundi wa majokofu, kijana mpole kama mama yake, akapenda. Msichana alikuwa nesi, na mapenzi yalikwenda vizuri mpaka pale kwao walipouliza mama wa kijana ni nani. Shangazi wa msichana alikataa kata kata.

"Mtoto wetu haendi kwa yule mama. Nimeona kwa macho yangu alivyomwaga mboga."

Baada ya kubembelezana sana, wakakubali kuja kumwona kwanza. Wakaja shangazi, baba wa msichana ambaye maneno yake ni ya kuhesabika, msichana mwenyewe, na bibi yake aliyevaa kana kwamba yeye ndiye anayeolewa. Bi Msumari alikuwa amesugua sakafu tangu asubuhi. Akaleta chai. Hakuna mkono uliogusa kikombe.

"Karibuni chai," akasema.

"Anza wewe," shangazi akajibu.

Akanywa cha kwake. Shangazi akasukuma kikombe chake mbele. "Na hiki?" Akanywa na hicho. Baba naye, bila neno, akasukuma chake. Bi Msumari alivinywa vyote kwa utii, kisha akaomba ruhusa akaenda chooni, na aliporudi shangazi alikuwa anamkagua usoni kama daktari.

Bibi akakohoa. "Hayo ya chai mmemaliza? Mimi sikuja kwa ajili ya chai. Nimekuja kutukanwa."

"Mama!" shangazi akamaka.

"Nyamaza. Filamu zake zote nimeziona. Nitukane kidogo, mwanangu, nikawasimulie wenzangu."

Bi Msumari alijaribu. Alipandisha ile nyusi. "Bibi, wewe... wewe umependeza sana," akasema, akakaribia kulia.

Mwanawe akaelewa. Alitoka, akarudi anaiburuta cherehani, akaiegesha kando ya kiti cha bibi. Bi Msumari akaitazama, na hapo bibi wa watu akaoga matusi. Aliambiwa kwamba anapiga kelele kuliko kazi anayofanya, kwamba akiguswa kidogo anakwama, na kwamba angekuwa na haya angeshajipeleka mwenyewe kwa wauza vyuma chakavu. Bibi alicheka mpaka wakamshika asianguke. Hata yule baba alifungua kinywa.

"Huyu mama hana neno," akasema. "Waoane."

Wakaoana. Watu wakasubiri kusikia vilio kutoka nyumba ile, na vilichelewa sana. Siri ni kwamba nesi ndiye aliyekuwa mkali. Alipunguza chumvi, akapiga marufuku kushona gizani, na jioni alimtoa mama mkwe wake nje kutembea, anamhesabia hatua kama askari.

"Mama, inua miguu."

"Nimeinua, mwanangu."

"Hujainua. Nakuona."

Na Bi Msumari aliinua. Alimwambia mwanawe kwamba hajawahi kutunzwa hivyo tangu azaliwe, na kwamba anaogopa kidogo.

Mwaka uliofuata mwongozaji alimpa nafasi ya bibi mwema anayelea yatima. Aliigiza vizuri mno, kwa kuwa hakuhitaji kuigiza. Watazamaji walikaa hadi mwisho wakingoja amsukume mtoto kisimani, hakusukumwa mtu, wakatoka wamenuna. Ikabidi arudi kwenye ukorofi.

Majirani mpaka leo wanamhurumia nesi. Juzi mmoja alimletea vitunguu, akamshika mkono mlangoni.

"Vumilia, mwanetu. Nasi tunajua unayoyapitia."

"Nashukuru," nesi akajibu, kisha akageuza shingo kuelekea jikoni. "Mama, hizo sufuria suuza mara mbili."

"Ndiyo, mwanangu," ikajibu sauti ndogo.

Jirani aliondoka haraka, akaenda kuwaeleza wenzake kwamba sasa nyumba ile imepata na mtumishi, naye maskini anaonekana anateswa.