Mbwa wa Mheshimiwa

Juzi mpwa wangu alinionyesha kwenye simu maonyesho ya mbwa ya nchi za mbali. Baada ya mbwa vijana likaletwa kundi la mbwa wazee. Mmoja wao, mdomo umejaa mvi, alitembea taratibu kwenye zulia la kijani pamoja na bwana wake, na watu wote wakasimama kumpigia makofi. Mpwa wangu alicheka. Mimi nilimrudishia simu nikatoka nje, kwa sababu nilikuwa nimemwona Tumbaku.

Kama ulikulia Tabora miaka ile, upande wa Mtendeni, huenda ulimwona na wewe. Nililelewa huko na babu na bibi, wazazi wa mama. Babu aliwahi kuwa mpishi wa mtaalamu mmoja wa tumbaku, mgeni kutoka ng'ambo aliyefanya kazi Urambo. Mgeni huyo alipoondoka alimwachia babu mtoto wa mbwa mwenye rangi ya jani la tumbaku lililokaushwa vizuri, na jina likatokana na hapo. Inasemekana mgeni yule aliweza kutaja wazazi wa mbwa yule, babu zake, na babu wa babu zake. Bibi alikuwa akisema, "Mbwa huyu ana ukoo kuliko wakwe zangu."

Mgongoni alikuwa na mstari wa manyoya yaliyolala kinyume, yakielekea kichwani. Majirani walidhani ni kovu la moto. Miaka mingi baadaye, katika kujisomea, ndipo nilipojua kwamba mstari ule ndio alama ya aina yake, mbwa waliofugwa kusini mwa Afrika kwa ajili ya kuwinda simba. Tumbaku hakuwinda simba. Alilinda kuku.

Kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kumpikia uji wa dona wenye vichwa vya dagaa, katika sufuria lake peke yake. Jirani yetu, mama wa Kiislamu aliyetuuzia vitumbua, asingekula kwetu tena kama vyombo vingechanganyika. Hata hivyo alimsalimia kila siku, kwa mbali, amekusanya kanga isimguse: "Hujambo, mzee wa ndevu nyeupe?" Jioni babu aliketi mlangoni na bakuli la michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, akitafuna kimoja na kumrushia mbwa kingine. Treni ilipopiga honi, Tumbaku aliinua sikio moja tu.

Angezeeka hivyohivyo. Lakini mwaka mmoja bwana mifugo alipita kuchanja mbwa, akamzunguka Tumbaku, kisha akamgeukia babu.

"Mzee, mbwa wa namna hii umemficha nyuma ya banda la kuku?"

"Sikumficha. Hakuna aliyemuulizia."

Kamati ya maonyesho ya mifugo, pale Ipuli, ilikuwa inatafuta kitu kipya, maana watu walishachoka kuona madume ya ng'ombe. Bibi alisema mbwa amezeeka. Bwana mifugo akajibu kwamba ndiyo vizuri, watu waone mnyama aliyetunzwa.

Basi Tumbaku akaanza mafunzo na mvi zake. Alijifunza kutembea na kamba iliyolegea, kusimama wima akishikwa miguu, kufunuliwa mdomo bila kunguruma. Watoto wa mtaa walitufuata wakiimba, "Tumbaku kaanza darasa la kwanza!" Babu hakugeuka. "Nyie mlianza zamani," aliwajibu, "na kusoma bado." Mimi nilimwosha kwa sabuni ya mche na kumsugua kwa gunzi la mahindi hadi manyoya yakang'aa. Babu alijivunia kwamba babu yake mwenyewe alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu hadi pwani akarudi kwa miguu. Siku ya maonyesho tulitembea hadi Ipuli, yeye mbele na shati jeupe, kana kwamba na yeye amekabidhiwa mzigo wa maana.

Watu walijaa kwenye banda letu. Mgeni rasmi alipofika, na msafara wake nyuma, alisimama.

"Mzee, ana umri gani huyu?"

"Mkubwa, mheshimiwa. Ni mzee mwenzangu."

"Mbona anaonekana kijana?"

"Hajaoa."

Kila mtu alicheka, mheshimiwa zaidi ya wote. Akampapasa Tumbaku kichwani akasema, "Mbwa kama huyu ndiye ninayemtafuta." Akaenda zake.

Unajua desturi yetu: mgeni rasmi haondoki mikono mitupu, atapewa mbuzi au hata dume. Alasiri tukamsikia mshereheshaji kwenye kipaza sauti: "Na sasa mzee wetu wa Mtendeni, kwa hiari yake mwenyewe, anamkabidhi mgeni rasmi mbwa wake!" Vigelegele vikapigwa. Babu aliangalia kushoto na kulia, akimtafuta huyo mzee mwingine wa Mtendeni. Mwenyekiti wa kamati alikuwa ameshamshika kiwiko. "Mzee, usituaibishe mbele ya mheshimiwa." Babu akatembea hadi jukwaani, akakabidhi kamba kwa mikono miwili, akapiga makofi pamoja na wengine. Walimpa jembe.

Baada ya siku chache tukasikia kwamba gari la mheshimiwa lilijaa, na Tumbaku amefungwa uani kwenye ofisi ya kamati, akisubiri usafiri. Babu alinishika mkono tukaenda. Mlinzi alikuwa kijana mwenye adabu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumchukua mbwa, naona mgeni amemsahau."

"Huyu si wako tena, babu. Ni mali ya mheshimiwa. Ukimchukua, mimi nitajibu nini?"

"Basi mkumbusheni."

"Mimi? Nimkumbushe mheshimiwa?"

Alituruhusu tumlishe. Kila asubuhi nilibeba uji kwenye kopo, na babu alimsalimia kupitia matundu ya uzio, "Mwangaluka, Tumbaku," salamu ya Kinyamwezi ambayo hupewa mtu aliyeamka salama. Kisha mwenyekiti akapiga marufuku. Alisema tukiondoka mbwa analia, na anasumbua vikao.

Mvua zilikuwa zimeanza mlinzi alipokuja mwenyewe nyumbani, kofia mkononi. "Babu, mwenyekiti anasema uje umchukue mbwa wako." Babu alivaa shati jeupe. Alichukua kamba mpya. Njiani alitembea haraka hadi nikawa nakimbia. Uani tulikuta gunia limefunikwa juu ya kitu, na watu wa ofisi wamesimama mbali, kwa sababu hakuna aliyetaka kumgusa. Mlinzi aliangalia chini. Tulimrudisha Mtendeni kwenye baiskeli ya kuazima, tukamzika nyuma ya banda la kuku.

Nyumba ile imebomolewa, wazee wamekwenda, na nyuma ya lilipokuwa banda la kuku kuna duka la vifaa vya ujenzi. Lakini kwangu mengi yalitoweka mapema zaidi. Tangu siku ile, mtu akisifia chochote kwetu, babu alikitia dosari. Kuku anaumwa. Maharage yameingia wadudu. Nilipomaliza darasa la saba, mwalimu wangu alikuja nyumbani kuomba niruhusiwe kwenda sekondari ya bweni, mbali. Alinisifu kwa muda mrefu, nikisikiliza nyuma ya mlango. Babu alimsubiri amalize.

"Huyu?" alisema. "Hana lolote. Kichwa kizito. Tuachie hapahapa."