Maji Yaliyoganda Mkononi mwa Njoki

Pauline Wanza, ambaye majirani walimwita Mama Carol, hakuwa mtu wa kutulia. Aliacha kushona nguo kiwandani Athi River kwa kuchoshwa na kukaa kiti kimoja kutwa, akafungua kibanda cha maji na soda karibu na geti la kiwanda. Mwaka 2003 dada yake alimwachia friza kubwa.

Siku moja ya jua kali, Njoki, jirani yake muuza viazi, alikuja na kiu. Wanza akamtolea chupa ya maji maangavu. Njoki aliigonga mezani akitaka kuifungua. Weupe ukaanzia shingoni mwa chupa, ukashuka, na kufumba na kufumbua yote yakawa barafu. Akaiachia ikaanguka.

"Hii maji umeiwekea nini, Mama Carol?"

"Sijaweka kitu. Ni maji tu."

"Maji haigandi kwa mkono ya mtu."

Kufikia jioni habari ilikuwa imeenea, na wateja walikuwa wakipita mbali. Wanza alishindwa hata kumaliza chai. Alitoa chupa, akaitikisa, akairudisha, akatoa nyingine. Moja iliganda, nyingine ikakataa. Alianza kuiogopa mikono yake.

Jumamosi alikwenda Mumbuni kwa shemeji yake Mwangangi, mwalimu wa fizikia.

"Maji safi yakipoa yakiwa yametulia, yanaweza kupita baridi ya kuganda na bado yakabaki maji," Mwangangi alimwambia. "Chembe zake zinahangaika huku na huku, hazijapata pa kuanzia kujipanga. Ukigonga, chache zinashikana, halafu zingine zinajipanga juu yake papo hapo."

"Kwa hivyo si mimi?"

"Si wewe, shemeji."

Jumatatu alimpelekea Njoki chupa moja, akiibeba kama yai. "Gonga mwenyewe."

Njoki aligonga. Maji yakabaki maji. Wanza akamsogelea.

"Gonga tena. Kwa nguvu."

Sindano za barafu zikachipuka ndani, zikajaza chupa. Njoki aliishika mpaka vidole vikamuuma, kisha akamwita muuza mandazi aje aone.

Wateja walirudi, ingawa si wote. Njoki alinunua kila siku, lakini alitaka Wanza aigonge chupa kwanza, ndipo aipokee.

Mwaka uliofuata Wanza aliuza friza, akaenda Kalama kufuga kuku. Kibanda nacho kilikuwa kimeanza kumbana.