Sauti ya Alto Niliyomtumia

Kwaya yetu ilikuwa ya watu kumi na wanne, na tulikutana kila Jumamosi mchana katika darasa la kuazima huko Mutanga Sud. Hatukuwa na kinanda wala ngoma. Mwalimu alitupa nota ya kuanzia kwa mdomo wake, tukaingia, basi. Katika kwaya kubwa unaweza kukosea ukafunikwa na wenzako. Sisi alto, sauti ya chini ya wanawake, tulikuwa watatu tu, na sauti moja ikipotea ilisikika kama jiwe ndani ya wali.

Kati ya sisi watatu, mimi ndiye niliyejua kusoma nota, na sikumwacha mtu asahau hilo. Nilishika karatasi yangu juu kidogo kuliko ilivyohitajika. Jirani yangu mstarini alikuwa fundi wa nguo kutoka Ruziba, mama aliyenizidi miaka kama kumi na mitano, mwenye sauti nzito na safi ambayo sitaipata hata nikizaliwa mara ya pili. Yeye hakusoma nota hata moja. Alishika kwa sikio. Ikawa desturi kwamba kila tukipata wimbo mpya, mimi naimba sehemu ya alto kwenye simu na kumtumia, naye anaisikiliza wiki nzima akiwa kwenye cherehani. Alichokishika hakikumtoka tena.

Mwaka jana tulipewa wimbo wa Kilatini kwa ajili ya tamasha. Nilimwimbia upesi upesi nikiwa jikoni, maharagwe yakichemka, na katika mstari wa nne sikuiona bemoli, ile alama ndogo inayoshusha nota kidogo. Palipotakiwa kushuka, mimi nikabaki juu. Nikatuma.

Jumamosi iliyofuata tuliimba, na tulipofika mstari wa nne tukagongana na wanaume wa tenori vibaya. Mwalimu akasimamisha. Nikatazama karatasi, nikaiona bemoli imekaa pale inanitazama. Mwalimu akasema alto tuimbe mmoja mmoja. Nilianza mimi, nikaimba sawasawa, kwa kuwa sasa nilikuwa nimeiona. Wa pili, aliyekuwa na sikio jepesi, akanifuata. Kisha mama wa Ruziba akaimba nilichomfundisha, kwa sauti kubwa na bila wasiwasi wowote.

Mwalimu alimrudisha mara tano. Mara tano alibaki juu.

“Mama, nani alikuonesha hivo?” mwalimu akauliza.

Hakunitazama. Alisema tu, “Mi ni hivi nilishika.”

Nilikuwa na nafasi ya kusema pale. Ilikuwa sentensi moja tu. Nilijikuna shingo. Mwalimu, ambaye si mtu mbaya, akamwambia kwa upole, “Hii concert utapumzika kwanza, mama. Ya ingine utaimba.” Tamasha lilikuwa baada ya wiki mbili. Yeye ndiye aliyekuwa anatushonea nguo za siku hiyo, na hakuacha kushona. Siku mbili kabla alinipima urefu wa gauni amepiga magoti mbele yangu, pini mdomoni, na mimi nikazungumzia bei ya kitambaa.

Tuliimba vizuri, tukapigiwa makofi. Alikuwa amekaa kwenye viti vya watazamaji, na mkoba wake mapajani. Niliona aibu, lakini mstari wa nne nilishuka vizuri kabisa.

Wiki moja baadaye nilijikaza nikaenda kwake Ruziba. Nilimkuta anapinda upindo wa suruali ya mtu. Nilimweleza yote nikiwa bado nimesimama, jikoni, maharagwe, bemoli. Hakushangaa.

“Nilijua tangu ile siku ya concert,” alisema. “Mi nilisikia pale mulishuka. Kwa simu yangu haishukake, inabaki juu.”

“Na haukuniuliza, dada?”

“Nikuulize nini, mudogo yangu? Si we uliimba?” Akakata uzi kwa meno. “Hapa tuko wawili. Mi walinitoa kwa mstari mbele ya watu. Kaseme kule.”

Nikamwahidi. Akasema atakuja asikie.

Jumamosi alikuja kweli, amevaa vizuri, akasimama karibu na mlango. Nilikuwa nimeipanga ile sentensi tangu asubuhi, nikaomba ruhusa, nikageukia wenzangu. “Ile kosa ya alto, mama hakukosa,” nilisema. “Ni mi nilimutumia wimbo.” Kumi na wawili walikuwa wananitazama, na mwalimu mmoja wao. Nikasikia mdomo wangu ukiendelea peke yake: “Sasa simu yangu ile siku ilirekodi mubaya. Sauti ikapanda kidogo.”

Mtu wa besi akasema simu za siku hizi ni takataka. Mwalimu akafurahi kwamba jambo limekwisha, akamwonyesha mama pahali pake mstarini. Mama hakusogea.

“Simu haikukosa,” alisema taratibu, akinitazama mimi peke yangu. “Simu ilishika sauti yako vile ilikuwa.”

Nilikuwa nimepewa nafasi nyingine, na safari hii hakuna aliyebaki wa kudanganywa ila mimi. Nikasema, “Pengine ni batri.”

Aliweka mkoba begani, akaaga kila mtu kwa adabu, hata mimi, akaenda. Wenzangu wawili watatu wakacheka kidogo, nadhani kwa kunihurumia. Mwalimu akatupa nota ya kuanzia, na mimi nikaimba.