Vitambaa Vinne vya Motere Mpya

Tajiri wetu wa pale uwanja wa ndege wa Kalemie alinunua kandege kenye motere mpya, akatuita wote tuishangae. Eti wataalamu wamehangaika miaka na miaka kupunguza motere ya ndege kubwa mpaka ikaenea kwenye kandege ka watu watano. Inakunywa petroli, yaani mafuta ya taa, haitetemeki, haisumbui. "Papa, hii haina kazi ya nyundo," akaniambia mbele ya watu. Asante sana, tajiri. Miaka ishirini namtengenezea motere zake, kumbe nilikuwa nagonga nyundo tu!

Pamoja na motere akaleta mama mmoja piloti, mtu wa karatasi. Kabla ya kuruka alisoma kwa sauti kama katekista, na mimi nijibu. Kilichonichekesha zaidi njo hiki: "Papa, vitambaa?" Maana ndege ikilala, mafundi wa kwetu tunaziba matundu ya motere na vipande vinne vya kitenge, vumbi na nyigu wasiingie. Motere ya zamani, ukisahau kimoja inakataa kuwaka, unakitoa, mnacheka. Hii mpya inakimeza, halafu inazimika juu ya pori. Alinieleza hayo mara mia, akitaka nivihesabu mkononi vyote vinne kabla hajawasha. Nilijibu "Vyote viko, Mama" huku nikifunga kamba za viatu. Mutu mzima nihesabishwe matambara!

Asubuhi moja simu ikalia kutoka Kiambi, kule ndani porini. Binti yangu ana uchungu tangu jana, mtoto amekaa vibaya, lazima kandege kakamlete hospitali ya mjini. Jamani, nilifika uwanjani na kandambili moja. Nikavuta vitambaa mbiombio. Piloti alikuwa ameshakaa na karatasi yake.

"Papa, vitambaa?"

Jibu la kila siku lilikuwa tayari mdomoni. Nikaangalia mkononi. Vitatu.

Niliingiza mkono kwenye tundu la motere mpaka begani, nikakitoa cha nne, kitenge cha mke wangu cha maua mekundu.

"Sasa vyote viko, Mama."

Binti yangu alifika, akajifungua salama. Tajiri alishinda akiisifu motere yake. Mimi nilikaa nyuma ya hangari na kile kitambaa mapajani, aibu imenijaa. Miezi yote ile niliwaachia mabinti wa wenzangu waruke, na sikuangalia mkononi hata mara moja.