Daftari la Kaka

Siku kaka yangu alipopandishwa kizimbani kwa kumuua jirani yetu wa mtaani kwetu, Mbuya, alikuwa nadhifu kuliko wakili wake. Hiyo ilikuwa kazi yangu. Baba, mwanajeshi mstaafu, alinisimamia nikipiga pasi shati, akanirudisha mara mbili kwa sababu ya kola. Kabla ya hapo alikwenda gerezani kumfundisha kaka kusimama wima na kujibu kwa kifupi.

Wakili tuliyepewa na serikali hakufurahi hata kidogo. "Dada," aliniambia nje ya korti, "mimi nataka kuonyesha kwamba alipompiga marehemu kwa nyundo hakuwa na akili timamu. Nyinyi mnaniletea bwana harusi." Korti ikikubali, alisema, kaka atapelekwa kutibiwa, ikikataa, atazeekea gerezani. Alihitaji maandishi ya daktari.

Yalikuwepo. Kaka alianza kusikia sauti miaka miwili kabla, tukampeleka hospitali na daftari la shule, maana kwetu ndimo daktari anamoandika. Baada ya safari ya tatu Baba alilichukua daftari. Eti nani atanioa mimi, na wenzake wa kambini watasemaje. Majirani tukawaambia kaka yuko Lubaga kwa shangazi, kumbe yuko chumba cha nyuma, bila dawa. Niliongopa vizuri tu, na hadi leo naona aibu.

Nilipomwomba Baba lile daftari, alikataa. "Mtoto yangu hana wazimu," alisema kwa Kiswahili chake cha kambini. Nilidhani ameshalichoma. Wiki nzima sikumpakulia chakula. Alipakuliwa na Mama.

Wakili alimwita Baba kutoa ushahidi bila matumaini yoyote. Mjane wa marehemu alikuwa benchi la mbele. Baba alimpigia jaji saluti, mazoea hayo, kisha akaulizwa kama mwanawe aliwahi kuugua. Akamtazama kaka. Kaka alikuwa amesimama wima kama alivyofundishwa, huku midomo ikimchezacheza kumjibu mtu ambaye sisi hatukumwona. Ndipo Baba akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa daftari.

"Mtoto yangu alikuwa mgonjwa," alisema. "Mimi nilijua. Dawa nilizuia mimi." Akamgeukia yule mjane. "Mama, siku ile nyumbani kwangu, mtu mwenye akili timamu alikuwa mimi."

Jaji aliamua kwamba kaka alitenda akiwa hana akili timamu, azuiliwe hospitalini hadi waziri atoe amri. Waziri tunamsubiri bado. Kaka anakunywa dawa zake na kuniuliza habari za kuku wangu.

Kila Jumamosi tukitoka kumwona kaka, Baba hupitia mlangoni kwa yule mjane, huvua kofia, husimama pale kidogo. Mlango haujafunguliwa hata mara moja. Jumamosi inayofuata huniambia nimpigie pasi shati, na huenda tena.