Mluzi Asiousikia Fundi

Anaposhughulika na umeme mkubwa, fundi huyu huuficha mkono wa kushoto mfukoni. Ni mazoea ya miaka thelathini na minne ya kutengeneza mitambo ya simu: umeme ukiingia mkono mmoja na kutokea wa pili, hupitia kifuani. Amestaafu, lakini mkono haujastaafu. Majirani wanamwita Volti.

Kinachomkalisha chumba cha nyuma tangu mvua zilipokatika ni saa. Saa yenyewe haina mishale wala skrini. Ina taa sita za nixie, vichupa vya kioo vyenye namba za waya ndani, sifuri hadi tisa, zilizopangwa moja nyuma ya nyingine. Namba inayopelekewa umeme huwaka rangi ya kaa la moto. Vichupa hivyo alivinyofoa kwenye mashine ya vipimo iliyokuwa ikitupwa. Taabu ni kwamba vinataka volti mia moja na sabini, na adapta yake inatoa kumi na mbili. Basi akabuni mtambo wake wa kupandisha umeme: transista inayoukata na kuuunganisha maelfu ya mara kwa sekunde, koili inayoupandisha kila unapokatwa, na kapasita ya kuutuliza.

Mita iliposoma mia moja sabini na moja, aliibeba saa hadi sebuleni, akaiweka juu ya kabati. Hapo ndipo alipoitaka tangu mwanzo, mahali ambapo yeye na mkewe hukaa jioni.

Mkewe, opereta wa simu mstaafu, hakuinua macho kwenye gazeti.

"Kinapiga mluzi."

"Nini?"

"Hicho kidude chako. Kama mbu aliyesoma."

"Bibie, mbona pametulia kama maji mtungini?"

"Kwako, mzee. Kirudishe huko nyuma, au nihamie huko mimi na gazeti langu."

Volti hakubali neno bila kipimo. Alimwomba ageukie ukuta, akawa anawasha na kuzima bila mpangilio.

"Imewaka. Imezima. Bado imezima, usinichezee."

Mara kumi, hakukosea hata moja. Volti akaketi. Sauti nyembamba zilikuwa zimemhama bila kuaga.

"Uzee huo," mkewe alisema. "Mimi jana nimetafuta miwani nyumba nzima, kumbe nimeivaa."

Mluzi ulitokana na ule ukataji wa umeme; dawa ilikuwa kuuharakisha mpaka sauti ipande na kupita uwezo wa sikio la binadamu. Ila sikio la kupimia halikuwa lake. Jumamosi asubuhi mkewe alikaa akimpa mgongo, naye akawa anazungusha skrubu ya kurekebishia kasi kwa bisibisi ya plastiki, mkono wa kushoto mfukoni.

"Sasa?"

"Bado. Umekuwa mwembamba. Endelea."

"Sasa je?"

"Ngoja. Umekwenda."

Mluzi ulikwenda, joto likaja. Kwa kasi hiyo transista iliunguza kidole. Mkewe aliingia jikoni, akarudi na mfuniko wa alumini uliong'oka kishikio.

"Chukua. Ila sufuria haiguswi."

Volti alikata kipande cha ukubwa wa karata, akakifunga mgongoni mwa transista ili kiipoze. Baada ya saa nzima ya kuwaka, kidole kilivumilia.

Zamani, alipomaliza kurekebisha laini mbovu, alikuwa akibaki juu ya nguzo mpaka opereta aijaribu na kumruhusu ashuke. Ndivyo walivyofahamiana, kwa sauti kabla ya sura. Safari hii aliirudisha saa juu ya kabati, akafunika mtambo kwa boksi lake, akasimama kando, mkono wa kushoto mfukoni, akisubiri. Mkewe alifungua gazeti, akasoma ukurasa mzima, akaugeuza.

"Laini safi, fundi," alisema. "Shuka."

Volti akautoa mkono mfukoni.