Paka Juu ya Kifuniko cha Bwawa

Jumanne jioni paka alikatiza juu ya bwawa la kuogelea la binti yangu, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na hakuzama. Mjukuu wangu Nasra, mwenye miaka mitano, alimwona. Tangu hapo silali vizuri.

Bwawa lenyewe ni dogo, liko nyuma ya nyumba yao Upanga. Mwezi huu wa saba maji yanapoa, kwa hiyo binti yangu Rehema amenunua kifuniko cha jua: nailoni ya buluu yenye vipovu vya hewa, inayoelea juu ya maji na kutunza joto la mchana. Kinafanya kazi. Nimetia mkono, maji ni vuguvugu. Lakini ukikitazama kwa haraka, utadhani ni zulia limetandikwa sakafuni.

Sisi tuliokulia Ilala enzi za foleni za ndoo tulijua kifuniko kingine. Uani kwetu palikuwa na tangi la saruji lililochimbiwa chini, na juu yake mbao nene ambazo baba aliagiza kwa seremala wa Gerezani. Kila jioni, maji yakishatekwa, mama alikirudisha kifuniko, akavua kandambili, akasimama katikati na kurukaruka.

“Kama hakinibebi mimi, hakilindi wanangu,” alisema. Na mama hakuwa mwembamba.

Akishashuka, kifuniko kilikuwa chetu. Hapo ndipo tulipocheza mdako, tukamenya machungwa, tukala mihogo ya kuchoma yenye pilipili mpaka makamasi yakatutoka. Miezi ya baridi mama aliweka beseni la maji juani tangu asubuhi, akalifunika kwa nailoni, na alasiri akatuogesha kwa zamu. Tuligombania kuwa wa kwanza, maana wa mwisho alioga tope. Watoto wa siku hizi wana bwawa zima la maji ya moto na bado wanalia sabuni inawasha.

Hadithi hizi Nasra anazijua zote. Nimemsimulia kila alipolala kwangu, naye hupenda zaidi ile ya kucheza mdako juu ya tangi. Ndiyo inayonitisha sasa.

Siku ile ya paka nilimwita Rehema.

“Mama, usiwe na wasiwasi,” alisema. “Nasra nimeshamwambia asisogelee pale.”

“Na paka ulimwambia?”

Alicheka, lakini alikwenda kumpigia simu fundi wa uzio. Nasra akanivuta mkono.

“Bibi, paka hakuzama.”

“Paka ni mwepesi, mama.”

“Hata mimi mwepesi. Baba ananibeba kwa mkono mmoja.”

“Wewe ukikanyaga, nailoni itazama na wewe, halafu itakufunika. Hutaonekana.”

Aliwaza kidogo. “Lakini wewe ulikuwa unacheza juu ya kifuniko. Mama yako alikuruhusu.”

Nilimweleza kuwa chetu kilikuwa cha mbao. Akajibu kuwa chao ni kipya.

Nakikumbuka kile kifuniko cha mbao, kilivyokuwa kizito na kibaya, watu wazima wawili wakikinyanyua huku wakiguna. Enzi zetu mama alipanda yeye kwanza, ndipo sisi tukacheza. Hiki cha Rehema ni kizuri na chepesi, na hakuna mtu mzima anayeweza kusimama juu yake. Mimi hata kuogelea sijui.

Fundi wa uzio aliahidi Jumatano. Leo ni Ijumaa, na kwenye simu anasema, “Niko njiani, mama.” Tangu Jumanne nalala hapa kwao, na ufunguo wa mlango wa uani nimeufunga kwenye pindo la khanga. Rehema ana wa pili, na huusahau mlangoni.

Asubuhi hii paka amerudi. Anakatiza taratibu, akinyanyua miguu kama anayekanyaga umande. Nasra amebandika uso kwenye kioo cha dirisha, anamtazama hatua kwa hatua.